Kiti cha Sita

Wahenga walituachia kisa cha fisi aliyefika njia panda. Alinusa harufu ya nyama kutoka pande zote mbili, akaamua kuzifuata njia zote kwa pamoja, akapasuka msamba. Tangu nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi nimeifahamu methali ya njia mbili zilizomshinda fisi, na kwa miaka kadhaa sasa nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba inakanya tamaa. Mwaka 2023 nami nilisimama njia panda kwa majuma sita. Tangu wakati huo sina tena haraka ya kumlaani fisi yule. Nani ajuaye? Huenda hakuwa mlafi. Huenda alikuwa na wana wawili wenye njaa, mmoja akimngoja katika kila njia.

Njia zangu mbili zilikuwa magari mawili. Msomaji mpendwa, huenda ukajiuliza jarida la wapenzi wa Kiswahili lina haja gani na habari za magari. Nakuomba subira. Yaliyonikuta yalianza kama hesabu ya fedha, yakageuka kuwa swali la nani katika nyumba yangu angeachwa nje ya mlango.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili mjini Voi, na wakati huo nilikuwa ndio kwanza nimeanza masomo ya uzamili. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe wangu, ambaye alihamia kwetu baada ya magoti yake kushindwa na vilima vya Taita. Kifunguamimba wangu, binti aliyekuwa na umri wa miaka 11 wakati huo, alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake ni kali kama wembe, ila miguu haimtii, na ulimi humchelewesha. Hutumia kiti cha magurudumu. Kila baada ya majuma mawili sharti tumpeleke Mombasa, takriban kilomita 150, kwa mazoezi ya viungo.

Kwa miaka minane safari hiyo tuliifanya kwa matatu. Sitaki kumlaumu mtu, maana wapo makondakta waliotusaidia kama ndugu. Hata hivyo, wapo pia waliotutazama kituoni wakapita, na wapo waliokidai kiti cha magurudumu nauli ya abiria mzima, kisha wakakifunga juu ya gari pamoja na magunia ya makaa. Reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017 tulishangilia, kwa kuwa treni husimama Voi. Lakini kituo cha mwisho kiko Miritini, mbali na mjini, na kutoka hapo ilitubidi kutafuta matatu nyingine. Binti yangu alizidi kukua. Mtoto niliyemzoea mgongoni sasa alikuwa na uzani wa kilo 31, na daktari aliyenipima mgongo aliniambia bila kunificha kwamba nikiendelea kumnyanyua vile, siku moja tutahitaji viti viwili vya magurudumu.

Basi tukachukua mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo, tukaongezea fedha za shamba dogo alilouza mume wangu, tukapata shilingi milioni moja na laki tisa. Kuagiza gari moja kwa moja kutoka Japani kulitushinda. Kanuni za nchi yetu haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na yale yaliyokuwa chini ya umri huo, pamoja na ushuru wake, yalipita kimo cha mfuko wetu. Tukaamua kununua gari lililokwisha kutumika humu nchini.

Aina tuliyoitaka haina jina zuri katika lugha yetu. Ni yale magari ya kadiri, si makubwa kama ya kwenda mbugani wala si madogo kama teksi, yaliyoinuka kutoka ardhini na kuwa na mlango mpana nyuma. Wauzaji huyaita "gari za juu". Niliwahi kuwatupia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu swali hilo darasani, mmoja akapendekeza "gari la nyumba", kwa maana ya gari la kubeba watu wa nyumba moja. Tulicheka. Baadaye sikucheka.

Wenzangu wa chumba cha walimu walishangaa kwa nini hatuchukui Toyota RAV4, gari ambalo tangu mwaka 1994 limewafungulia wengine njia. Lililokuwa sokoni kwa fedha zetu lilikuwa kuukuu. Yakabaki mawili, yote ya mwaka 2014: Nissan X-Trail lililokuwa katika uwanja wa kuuzia magari mjini Mombasa, na Subaru Forester la mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa akihamishwa.

Kwenye karatasi, magari haya ni kama pacha. Injini zote mbili ni za lita mbili. Nguvu ya moja ni farasi 148, ya nyingine 147. Tangi la kila moja hubeba lita 60 za petroli. Yote mawili hayana gia za kupandishwa ngazi kwa ngazi. Katika Nissan, mkanda wa chuma hupanda na kushuka baina ya puli mbili, na katika Subaru kazi hiyo hufanywa na mnyororo. Fundi wangu wa Voi, mzee asiyepoteza maneno, alinieleza hivi: "Mwalimu, giaboksi za namna hii zinataka oili yake hasa, na kwa wakati wake. Ukiipa oili ya kubahatisha, usimlaumu aliyeiunda. Kwanza uliza kitabu cha huduma, halafu ndio uulize bei."

Tofauti zilianza pale fundi alipolala chini ya magari. Injini ya Subaru imelazwa ubavu, mitungi miwili huku na miwili kule, pistoni zikirushiana kama ngumi za mabondia. Kwa sababu hiyo uzito hukaa chini na gari haliyumbi sana kwenye kona, ingawa kuzifikia plagi ni kazi ya kuinama na kunung'unika. Nguvu yake huenda kwenye magurudumu yote manne wakati wote, na tumbo lake liko milimita 220 kutoka ardhini. Kwa ajili hiyo, fundi alionya, matairi yake manne yapaswa kulingana. Ukibadilisha moja pekee, ukaliweka jipya miongoni mwa makuukuu, utaitesa mitambo inayogawa nguvu. Lile X-Trail tuliloliona lina kitufe cha kuchagua: kuvuta kwa magurudumu mawili, kuliachia gari liamue lenyewe, au kuyafunga yote manne yavute pamoja. Tumbo lake liko milimita 205. Viti vyake vimefunikwa kwa kitambaa kisichopenyeza maji, na mama wa watoto watatu hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo.

Aidha, X-Trail lile lilikuwa na safu ya tatu ya viti. Viti saba! Forester lina vitano.

Hapo ndipo mume wangu alipofunga hesabu. "Mama watoto," alisema, "sisi ni sita. Sita haiingii katika tano. Kuna nini cha kujadili?"

Kulikuwa na jambo la kujadili, nami nililijua mgongoni mwangu. Jumamosi moja tulimpeleka binti yetu na kiti chake hadi Mombasa kuyajaribu magari yote mawili. Muuzaji wa X-Trail alitupokea kwa ukarimu wa watu wa pwani. "Mama, gari hili halina neno," aliniambia, huku akipangusa kioo ambacho tayari kilikuwa safi. Tulipokunjua kiti cha magurudumu uwanjani alinyamaza kidogo, kisha akatuletea kivuli cha mwavuli. Tuliinua safu ya tatu. Kiti kilichokunjwa hakikupata mahali. Tukalaza nusu ya safu ile. Kikaingia kwa taabu, kwa kukisimamisha na kukiegemeza kwa kamba, na ubavuni mwake pakabaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Mwanangu wa pili, mwenye miaka minane, aliruka akaketi. Wakatosha. Mume wangu alinitazama kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi.

Kisha nikamnyanyua binti yangu kumtoa kwenye kiti chake hadi kiti cha gari. Sikusudii kudai kwamba mlango wa gari lile ni mbaya. Ni mlango mzuri kwa mtu wa kawaida. Lakini kwa kimo changu na uzani wake, ilinilazimu kupinda kiuno na kumzungusha, naye kichwa chake kikagonga ukingo wa juu. Hakulia. Alisema tu, kwa ule usemi wake wa polepole, "Pole, Mama." Aliyegongwa ndiye aliyesema pole.

Alasiri tulilifikia Forester. Mlango wake wa nyuma ulifunguka wazi zaidi, na kiti kikawa sambamba na nyonga yangu. Kabla sijamshika, binti yangu aliunyosha mkono, akashika mshikio wa juu ya dirisha, akajivuta. Mimi nilimsukuma kidogo tu. Akaketi! Nyuma, kiti cha magurudumu kiliteleza ndani bila kamba. Nilizunguka upande wa pili ili asinione machozi. Nilipomrudia nilimkuta ameegemeza kidevu kwenye ukingo wa dirisha. Vioo vya gari lile ni vipana na vimeanzia chini.

"Mama," alisema, "naona barabara."

Msomaji, katika matatu binti yangu alipakatwa mapajani. Kwa miaka minane, katika kila safari ya Mombasa, alichokiona kilikuwa paa la gari na kiuno cha kondakta. Hakuwahi kuona mikonge ya njiani, wala ndovu wanaovuka upande wa Tsavo, wala minazi inapoanza kujitokeza tunapokaribia pwani. Nasi, wazazi wake, tulikuwa tumeshindana kwa majuma juu ya oili, matairi na safu za viti, pasipo hata mmoja wetu kumwuliza yeye.

Jioni ile uamuzi wangu ulikuwa umekwisha. Ila uamuzi wa mwanamke katika nyumba yenye mama mkwe si mali yake peke yake. Nikichagua viti vitano, wa sita ni nani? Kila mtu ukooni alilijibu swali hilo kabla sijaulizwa. Wifi yangu alipiga simu. Hakunitukana, alinisalimu kwa adabu, akaniuliza habari za shule, kisha akatamka: "Nasikia mmepata gari ambalo Mama hana kiti." Maneno machache, lakini yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Fedha za shamba zilikuwa za mume wangu, na shamba lile lilikuwa la baba yake. Ingewezekanaje mjane wa mwenye shamba aachwe barazani, huku shamba lenyewe likizunguka mjini kwa magurudumu manne?

Mtu mmoja akashauri tumpakate kitindamimba. Nilikataa. Nimeona mengi kwenye barabara ile kuu ya malori kiasi cha kutoweza kumkubalia mwanangu safari bila mkanda wake mwenyewe. Mwingine akashauri tuchukue X-Trail na kumwajiri kijana wa kumnyanyua binti. Nilimwuliza kama angependa binti yake mwenyewe, anayeelekea kuwa mwari, anyanyuliwe na kijana wa kuajiriwa. Akanyamaza.

Usiku wa nne baada ya simu ile mama mkwe aliniita chumbani kwake. Nilienda nikiwa nimejiandaa kwa mashtaka, na hoja zangu nimezipanga kama insha: utangulizi, kiini, hitimisho. Alikuwa akijipaka mafuta magotini. Aliniashiria niketi, akanipa chupa, nami nikaendelea kumpaka.

"Mwanangu," alisema baada ya kitambo, "hilo gari la viti vingi, mimi ningeketi wapi?"

"Katikati, Mama. Watoto wangeketi nyuma."

"Na kwenda Mombasa, mimi naenda kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Kwa kweli, katika miaka mitatu aliyokaa nasi, Mama alikuwa amesafiri nasi mara nne tu, zote kwenda kwao nyuma ya Wundanyi: sikukuu mbili na matanga mawili.

"Mnanigombania kiti ambacho sijakiomba," alisema. "Lakini usidhani haliniumi. Linaniuma. Mtu akiishakuwa mzee huhesabiwa viti. Linaniuma, na bado nasema mchukue hilo ambalo mtoto anapanda mwenyewe."

Ningependa kuandika kwamba nililia au nilimkumbatia. Niliendelea tu kumpaka mafuta. Nilichokielewa usiku ule ni kwamba hakunisamehe kwa kuniambia kuwa sina kosa. Alikiri kwamba uchaguzi wangu una gharama, kwamba gharama hiyo ataibeba yeye, na kwamba ameitazama, akaikubali. Mwanafasihi angesema huo ni msuko wa tanzia. Mimi naona ni utu uzima.

Tulinunua Forester. Tulikagua rekodi za usajili, fundi akalisikiliza na kulinusa, hati ya umiliki ikabadilishwa jina, na fedha zikaondoka katika dakika chache, ilhali kuziweka kulituchukua miaka.

Kazi yangu ni maneno, nami sikuweza kulipita jina la gari bila kulichungua. Nissan, kwa Wakenya wengi, halikuwahi kuwa jina la kampuni. Kwa miaka mingi "nissani" ilikuwa matatu yenyewe, ile ya abiria kumi na wanne. Subaru, kwa Kijapani, ni jina la kile kishada cha nyota ambacho sisi huita Kilimia. Nembo iliyo mbele ya gari letu ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Mababu walikitazama Kilimia kujua majira ya kulima, wakasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Niliwaonyesha watoto nembo hiyo. Kitindamimba alihesabu nyota kwa kidole, akasema, "Sita. Kama sisi." Mume wangu alikohoa, akajishughulisha na ufunguo. Nyota sita kwenye nembo, viti vitano ndani!

Desemba ya mwaka ule tulipanda kwenda kwao mume wangu kwa sikukuu. Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ya udongo juu ya Wundanyi ilikuwa inateleza kama bamia. Safari yote nilikuwa nikiwazia kiti cha sita. Nilikuwa nimepanga kubaki Voi, niseme nina karatasi za kusahihisha. Asubuhi ya safari, kabla sijafungua kinywa, mume wangu alimshika mama yake mkono, akamketisha mbele, akamfunga mkanda. Akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Endesha polepole kwenye kona za Mwatate," alisema. "Mimi nitawakuta."

Akaenda stendi kupanda matatu.

Alifika saa mbili baada yetu, viatu vyake vikiwa vimejaa matope hadi vifundoni, kwani matatu ilimshusha pale lami ilipoishia na akapanda kilima kwa miguu. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kuliona gari, wamekwisha kumwona mama yao akishuka kutoka kiti cha mbele, na wamekwisha kumwona binti yangu akijivuta mwenyewe kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake. Wifi yangu alimletea kaka yake maji ya kunawa miguu. Kisha akaja jikoni, akachukua ndizi, akaanza kumenya ubavuni mwangu. Hatukuzungumza habari za gari.

Tangu hapo huo umekuwa utaratibu wetu. Kila tunapokwenda sote, mmoja wetu, mimi au yeye, hupanda matatu. Sijui kama tulichagua vyema. Zipo siku ambapo, nikiwa nimebanwa baina ya gunia na mlango, naliwaza lile gari la viti saba na kitambaa chake kisichopenyeza maji. Labda lingetufaa. Labda kwa mwaka mmoja au miwili zaidi mgongo wangu ungestahimili.

Nikiifundisha methali ya fisi siku hizi, nawaambia wanafunzi wangu waiendee taratibu. Nawauliza: je, mwenye njia mbili angeweza kuwaje asipasuke? Hutoa majibu mengi. Mwaka jana msichana mmoja wa nyuma aliyezoea kunyamaza aliinua mkono, akasema, "Mwalimu, angemtafuta mwenzake wa kupita ile nyingine."

Nilimwandikia alama zote. Kisha nikageukia ubao, nikajifanya natafuta chaki.